Tangu Lini? Mtoto Katika Historia ya Mafunzo ya Wahudumu wa Afya ya Akili

Utangulizi

Katika sura ya tisa ya Injili ya Marko twasoma habari za baba aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi wa Bwana Yesu, nao wasiweze kumponya. Wahubiri wengi huikimbilia sehemu ya mwisho ya habari hiyo, yaani ungamo la baba na uponyaji wa mtoto. Katika makala haya twapenda kusimama kwanza mahali pengine pawili. Mahali pa kwanza ni pale Bwana alipomwuliza baba, kabla ya kutenda neno lo lote, mtoto amekuwa katika hali hiyo tangu lini. Baba akajibu kwamba ni tangu utoto, akaeleza jinsi mtoto alivyokuwa akianguka motoni na majini. Mahali pa pili ni nyumbani, mkutano ulipokwisha kutawanyika, wanafunzi walipomwuliza Mwalimu wao faraghani sababu ya kushindwa kwao.

Swali la kwanza ni swali la historia. La pili ni swali la mafunzo. Makala haya yanakusudia kuyafuata maswali hayo mawili katika jambo moja: jinsi wahudumu wa afya ya akili walivyofundishwa katika nchi zinazoendelea, hususan katika nchi yetu na majirani zake, na nafasi aliyopewa mtoto katika mafunzo hayo. Maoni yetu ni kwamba mtoto alikuwa wa kwanza kufika mlangoni petu, lakini amekuwa wa mwisho kufikiriwa darasani. Hali kadhalika tunaona kwamba mhudumu aliyefundishwa kwa muda mfupi huweza kumsaidia mtoto kweli kweli, mradi awe na mwalimu wa kumrudia.

1. Lutindi: nyumba iliyoanza na watoto

Historia yetu yaanzia katika Milima ya Usambara. Mwaka 1896 chama cha Waprotestanti wa Ujerumani kilichopinga utumwa, Evangelischer Afrika-Verein, kilifungua kituo huko Lutindi, juu ya Korogwe. Kituo hicho hakikuwa hospitali. Kilikuwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto hao walikuwa wametenganishwa na wazazi wao na kuuzwa. Lutindi walipewa chakula, mavazi, kazi, shule na Neno la Mungu.

Kazi ya Lutindi ilishikwa na mashemasi waliotoka Bethel, karibu na Bielefeld. Yafaa tueleze Bethel ilikuwa nini. Ilianza mwaka 1867 kama makao ya watu wenye kifafa, na tangu mwaka 1872 iliongozwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Miaka mitatu kabla ya kwenda huko, mwezi Januari 1869, mchungaji huyo na mkewe waliwazika watoto wao wote wanne katika muda wa majuma mawili, walipopatwa na kifaduro. Wanaoandika maisha yake hawaachi kutaja msiba huo, kwa maana ulimfundisha kuketi na wenye kuumia. Chini yake kulikuwa na nyumba ya mashemasi iliyoitwa Nazareth. Shemasi wa Nazareth alijifunza kazi yake wodini, akiishi pamoja na wagonjwa na kusimamiwa na ndugu waliomtangulia. Elimu hiyo ndiyo iliyoletwa Usambara.

Miaka ilivyopita, watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa walizidi kupungua. Hii haina maana kwamba utumwa ulikuwa umekwisha. Serikali ya Kijerumani haikuufuta, na hapa Tanganyika haukukomeshwa kisheria mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Lakini watoto waliofika Lutindi walikuwa wachache, na upande mwingine palikuwa na watu wenye magonjwa ya akili wasiokuwa na mahali pa kutunzwa isipokuwa pingu na gereza. Basi mwaka 1904 Lutindi iligeuzwa kuwa makao ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mashemasi waliendelea na desturi ya Bethel: wagonjwa waliishi pamoja, walilima, walisali. Mpaka leo Lutindi ni hospitali ya Kanisa letu katika Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Hatuna sababu ya kuwalaumu waliofanya uamuzi wa mwaka 1904. Walimwona mhitaji, wakamfungulia mlango. Tena elimu ya magonjwa ya akili ya watoto ilikuwa bado kuzaliwa hata huko Ulaya na Marekani. Kliniki ya Chicago kwa ajili ya watoto waliofikishwa mahakamani ilifunguliwa mwaka 1909. Kitabu cha Leo Kanner, kilichoipa taaluma hiyo jina lake katika lugha ya Kiingereza, kilitoka mwaka 1935. Na chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hiyo kilianza mjini Paris mwaka 1937. Hata hivyo mwanahistoria wa Kanisa hana budi kuliandika jambo hili: nyumba yetu ya kwanza ya wagonjwa wa akili ilijengwa kwanza kwa ajili ya watoto waliojeruhiwa nafsi, na ilipopata kazi mpya, watoto walitoka katika habari zake.

2. Mtu mzima aliyehesabiwa mtoto

Chini ya Waingereza zilijengwa hospitali kubwa za serikali. Mjini Nairobi makao ya wagonjwa wa akili ya Mathari yalikuwa yamefunguliwa tangu mwaka 1910. Kwetu Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Katika nyumba hizo mhudumu Mwafrika aliajiriwa zaidi kuwa mlinzi kuliko kuwa mwuguzi. Alibeba funguo, aligawa chakula, aliwazuia wagonjwa wasitoroke. Kama alijifunza cho chote kuhusu nafsi ya mwanadamu, alijifunza kwa macho yake mwenyewe.

Wala wakubwa wake hawakuwa wamesoma sana. Mwaka 1938 Dakta J. C. Carothers alikabidhiwa Mathari naye alikuwa daktari wa kawaida, asiye na mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953, baada ya kuondoka Kenya, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mafundisho ya namna hiyo yalikuwa yameenea kati ya wakoloni wengi, waliomwona Mwafrika mzima kuwa ni mtoto asiyekua.

Kwa muda mrefu wasomi wetu wameyapinga mafundisho hayo kwa sababu yalimdhalilisha mtu mzima. Walifanya vema. Lakini yalimdhuru pia mtoto, jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Ikiwa watu wote wa nchi wanahesabiwa watoto, hakuna atakayeuliza habari za watoto wenyewe: jinsi wanavyokua, wanavyohuzunika, wanavyoogopa, na jinsi ugonjwa wao unavyotofautiana na ule wa baba zao. Hivyo serikali ya kikoloni haikuona haja ya kumfundisha mtu ye yote kazi hiyo.

Jibu lilitoka Nigeria. Dakta Thomas Adeoye Lambo, aliyesomea Uingereza, alirudi kwao na mwaka 1954 akaanza kazi yake mashuhuri huko Aro, karibu na Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa, aliwapangia makao katika vijiji vya jirani, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumtunza. Huko Senegali, Dakta Henri Collomb na wenzake wa hospitali ya Fann, Dakar, walifuata njia ya karibu na hiyo, na mwaka 1965 watafiti wawili wa huko waliandika habari za watoto ambao Wawolofu huwaita nit ku bon: watoto wapole mno, wanyamavu, wanaohofiwa kwamba hawatakaa duniani. Watafiti hao walisikiliza kwanza wazazi walivyomwelewa mtoto wao, ndipo wakaandika maelezo yao wenyewe. Kwa ajili ya mtoto, funzo la Aro na la Fann ni kubwa, kwa sababu mtoto hawezi kutibiwa mbali na jamaa yake.

3. Baada ya Uhuru

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walihesabiwa kuwa 12 tu. Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963. Katika hali hiyo isingewezekana kufikiria daktari wa akili za watoto. Hata daktari wa akili za watu wazima alikuwa nadra. Waliopelekwa ng'ambo kwa masomo hayo walikuwa wachache, na katika nchi nyingi za Afrika sehemu yao hawakurudi, au walirudi kisha wakaondoka.

Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Tangazo hilo lililingana na mawazo ya nchi yetu wakati huo, na mwaka 1980 ulianza Mpango wa Taifa wa Afya ya Akili katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark. Wauguzi wa magonjwa ya akili waliwekwa mikoani na wilayani, na watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutambua magonjwa makubwa na kuyatibu kwa dawa chache. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa Kilosa au Rombo aliweza kutibiwa karibu na kwao, pasipo kusafirishwa mpaka Dodoma. Hilo ni tendo kubwa katika historia ya nchi maskini, na waliolianzisha wastahili heshima.

Lakini mafunzo hayo yaliwekwa juu ya magonjwa makubwa: wazimu na kifafa. Mtoto mwenye kifafa alifaidika. Mtoto mwenye hofu, aliyeacha kusema, aliyerudia kukojoa kitandani baada ya kufiwa, aliyekataa shule, huyo hakuwa na ukurasa wake.

Ushahidi kwamba mtoto huyo yupo ulipatikana mapema. Mwaka 1981 watafiti walioshirikiana na Shirika la Afya Duniani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 925 waliofika katika zahanati na vituo vya afya vya nchi nne: Sudani, Ufilipino, India na Kolombia. Watoto hao waliletwa kwa homa, kikohozi na maumivu ya tumbo kama watoto wengine. Walipochunguzwa, ilionekana kwamba kati ya asilimia 12 na asilimia 29 yao, kwa kadiri ya mahali, walikuwa na matatizo ya akili au ya nafsi, ya aina zile zile zinazoonekana katika nchi tajiri. Watumishi wa afya wenyewe walitambua asilimia 10 hadi 20 tu ya watoto hao. Wengine wote walipewa dawa ya kikohozi, wakaenda zao.

Uchunguzi huo ulikuwa na habari nyingine ambayo twaomba kila mchungaji aikumbuke. Watafiti walianza kwa maswali kumi mepesi, na waliojibu ni wale walioleta watoto, mara nyingi akina mama. Mama walijibu bila shida. Walijua kwamba mtoto halali, kwamba anashtuka, kwamba amejitenga na wenzake. Walikuwa hawajayasema hayo kwa kuwa hapakuwa na aliyewauliza. Huyu ndiye yule baba wa Injili ya Marko, aliyekuwa na historia yote ya mwanawe kinywani, akingoja kuulizwa tangu lini.

4. Kagera na Rwanda

Yaliyofuata yalitufundisha kwa mkono mzito. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ya miaka kumi kupita, palikuwa na nyumba ambamo bibi mzee alibaki na wajukuu watupu. Mwaka 1989 Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, ili kuwasaidia yatima kwa ada za shule, mavazi, ushauri na ulinzi wa urithi wao. Mwaka 1997 ukaanza mradi wa Humuliza huko Nshamba, wilayani Muleba, kwa msaada wa shirika la Uswisi la terre des hommes. Jina hilo la Kihaya lina maana ya kufariji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha walimu wa shule za msingi kuona huzuni ya mtoto na kuisikiliza.

Kazi hiyo haikuwa anasa. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa Dar es Salaam kati ya yatima 41 na watoto 41 wasio yatima, wa umri wa kwenda shule. Asilimia 34 ya yatima walisema kwamba katika mwaka uliotangulia walikuwa wamewaza kujiua. Kwa watoto wengine ilikuwa asilimia 12. Tunaomba msomaji asizipite hesabu hizi upesi. Katika kila yatima watatu alikuwamo mmoja ambaye, akiwa bado mtoto, alikuwa ameifikiria njia hiyo. Wengi wa watoto wa namna hii huimba katika kwaya zetu na kukaa katika madarasa yetu ya kipaimara.

Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, haja ilikuwa kubwa kupita uwezo wa hospitali yo yote. Katika uchunguzi wa watoto 3,030 wenye umri wa miaka 8 hadi 19, tisa katika kila kumi walisema kwamba waliamini watakufa. Serikali pamoja na UNICEF walifungua kituo cha taifa cha kutibu majeraha ya nafsi mjini Kigali mwaka 1995, na maelfu ya walimu, walezi, watumishi wa afya na watumishi wa dini walipewa mafunzo ya siku chache. Hapakuwa na njia nyingine. Mafunzo hayo yaliwapa wengi maneno ya kwanza ya kumwambia mtoto. Lakini mwalimu aliyehudhuria semina hiyo alirudi shuleni kwake akiwa yeye mwenyewe mfiwa, naye alihitaji wa kumsikiliza.

Kutokana na mambo ya Kagera na ya nchi za kusini mwa Afrika ulizaliwa ushirika wa REPSSI, ambao pamoja na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal na UNICEF ulianzisha kozi ya cheti kwa njia ya masafa kwa wale wanaofanya kazi na watoto katika jamii. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Hapo twaona hatua mbele: semina ya siku chache imegeuka kuwa masomo yenye vitabu, mwalimu na mtihani, na mwanafunzi hakuhitaji kuliacha kanisa lake au shule yake.

5. Moshi na Bungoma

Je, mtu asiye daktari wala mwuguzi aweza kweli kumtibu mtoto aliyejeruhiwa nafsi? Swali hili lilipimwa karibu nasi. Lilianza Moshi kwa watoto 64 waliofiwa na wazazi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Kisha likapimwa kwa upana zaidi Moshi na Bungoma, magharibi ya Kenya, mjini na vijijini, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Washauri walikuwa watu wa kawaida wa mahali hapo, wasiokuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Walikutana na watoto katika vikundi kwa majuma kumi na mawili, na walezi wa watoto katika vikundi vyao. Mtoto alifundishwa kutuliza mwili wake, kuyataja mawazo yake, na hatimaye kusimulia habari za kifo cha mzazi wake mbele ya mtu aliyeweza kuvumilia kuisikia.

Mara baada ya matibabu, watoto hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata msaada wa kawaida, katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilibaki wazi katika eneo moja tu, vijijini Kenya. Twayaandika yote mawili, kwa sababu Kanisa halijengwi kwa taarifa nusu. Kazi ya washauri wa kawaida yafaa, lakini haitoshi kufanywa mara moja na kuachwa.

Jambo la tatu katika habari hiyo ndilo kubwa kwetu. Washauri wale hawakuachwa peke yao. Walikuwa na wasimamizi wenyeji waliokutana nao kila juma, wakauliza kila mtoto anaendeleaje, kikao kilikwendaje, mshauri alikwama wapi. Nao wasimamizi walikuwa na wataalamu wa kuwauliza. Hivyo ndivyo wanafunzi wa Bwana walivyofanya walipoingia nyumbani: walikiri kushindwa, wakataka kujua sababu.

Na msimamizi wa msimamizi atatoka wapi? Hapo ndipo twahitaji wataalamu wenyewe, waliosomea nafsi ya mtoto kwa ukamilifu. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Ibadan nchini Nigeria kilianzisha kituo cha afya ya akili ya watoto na vijana, chenye shahada ya uzamili inayopokea madaktari, wauguzi, wanasaikolojia, walimu na maofisa ustawi wa jamii kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Mwaka 2012 kile chama cha kimataifa kilichoanza Paris kilitoa kitabu kizima cha taaluma hiyo katika intaneti bila malipo, ili mwanafunzi wa nchi maskini asizuiwe na bei. Zamani mtu alisomea London kwa ajili ya London. Sasa inawezekana kusomea Afrika, kwa watoto wa Afrika, na kurudi nyumbani katika muda usiovunja jamaa.

6. Wajibu wa vyuo vyetu

Mtu aweza kuuliza haya yanahusiana nini na chuo cha theolojia. Twajibu kwa historia. Mwaka 1925 Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe katika hospitali ya wagonjwa wa akili, aliwaita wanafunzi wa theolojia waje kujifunza katika hospitali ya Worcester, jimboni Massachusetts. Kutokana na kazi hiyo yalitokea mafunzo ya uchungaji hospitalini, ambayo wachungaji wetu kadhaa wameyapata KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Waliopitia mafunzo hayo wanaijua njia yake: mwanafunzi huandika mazungumzo yake na mgonjwa, neno kwa neno kadiri awezavyo, kisha huyasoma mbele ya msimamizi na wenzake, nao humwonyesha mahali aliposikiliza na mahali alipojisikiliza mwenyewe. Basi njia ya kufundishia tunayo. Tumeitumia zaidi kando ya vitanda vya watu wazima.

Wala hatuna haja ya kuanza na ukurasa mtupu katika kazi ya watoto. Dayosisi ile ile yenye Lutindi ina kazi ya miaka mingi huko Irente kwa watoto wasioona na watoto wenye ulemavu wa akili; na mwaka 2007 ilifungua Magamba, karibu na Lushoto, chuo kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, ambacho kilitilia mkazo mafunzo ya walimu wa elimu maalum.

Kwa hiyo twaona mambo matatu yanayofaa kutendwa.

Kwanza, kila mwanafunzi wa uchungaji, kila mwinjilisti na kila mwalimu wa shule ya Jumapili afundishwe kuuliza. Hatusemi afanywe mganga. Afundishwe kumwuliza mama maswali machache mepesi juu ya usingizi, hofu, michezo, shule na huzuni ya mtoto, kisha anyamaze asikie. Hili ni somo la juma moja, lirudiwe kila mwaka.

Pili, afundishwe kukabidhi. Sote tumewahi kuletewa mtoto tukaombwa kumwombea. Tukamwombea, ikawa vema. Lakini mara ngapi tuliuliza kama amepelekwa hospitali, au kama nyumbani kwao yupo anayemtenda mabaya? Mtoto mwenye kifafa anayeombewa mwaka mzima pasipo dawa aweza kuanguka motoni siku yo yote. Na mtoto anayeonewa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka kila mwenye habari hizo azifikishe kwa serikali ya mahali. Sala haipingani na hayo. Baba yule aliomba na pia alieleza dalili zote.

Tatu, kila dayosisi ichague watu wachache, waume kwa wake, iwasomeshe kwa ukamilifu, na iwape kazi hiyo watakaporudi. Tumezoea kumsomesha mtu kisha kumpa ofisi isiyohusiana na elimu yake. Mtu huyo asiyekuwapo ndiye sababu semina zetu nyingi hukauka: tumefundisha mia moja, na hakuna mmoja wa kuwarudia miezi mitatu baadaye na kuwauliza wamekwama wapi.

Hitimisho

Tumetoka Lutindi mwaka 1896 tukafika Moshi na Ibadan. Njiani tumeona shemasi aliyejifunza wodini, mlinzi mwenye funguo, mwuguzi wa wilaya, mwalimu wa Nshamba na mshauri wa Bungoma. Wote walifanya kazi kwa elimu waliyopewa, na mara nyingi ilikuwa kidogo. Katika habari hizo zote mtoto hakukosekana. Aliyekosekana ni aliyefundishwa kumwona na kukaa naye muda wa kutosha.

Siku moja, ndugu zetu wanafunzi, mtasimama mbele ya baba au mama mwenye mtoto wa namna hiyo. Pengine mtashindwa, kama walivyoshindwa Mitume. Injili haiwafichi Mitume aibu yao, wala haisemi kwamba Bwana aliwafukuza. Alimshika mtoto mkono akamwinua, kisha akaingia nyumbani pamoja na wanafunzi wake, akawapa nafasi ya kuuliza. Ombi letu kwa maaskofu, wakuu wa vyuo na walimu wenzetu ni kwamba nyumba hiyo iwepo katika kila dayosisi, yaani mahali ambapo mhudumu wa watoto aweza kurudi jioni na kusema kwamba leo hakuweza, akapata wa kumfundisha.